Gédéon hakugeuka peke yake: kukosoa namna tunavyosimulia vita vya kwetu



Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye matanga hapa kwetu, karibu na mto. Mnajua matanga yalivyo: usiku ukishaingia, wazee wako na kikao chao, mama wako na kilio chao, sisi vijana tunabaki na moto na maneno. Maneno yakafika kwa Gédéon Kyungu Mutanga, kama kawaida. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, akasema: "Ule muntu ni kigeugeu tu. Alikuwaka wa serikali, akageukia serikali, akarudia serikali, kisha akakimbia tena." Mwingine, fundi wa pikipiki, akamjibu: "Hapana yaya, ule ni mwanaume. Bila yeye Rwanda ingefika mpaka hapa tunapokaa." Wakabishana mpaka jogoo wa kwanza. Mimi nilikaa kimya, si kwa hekima, ila nilikuwa bado sijajua ni kitu gani kinaniuma katika yale maneno. Sasa nimejua, njo maana naandika.

Kinachoniuma ni hiki. Wote wawili, anayemtukana na anayemsifu, walikuwa wanasimulia hadithi moja: hadithi ya moyo wa mtu mmoja. Mmoja anasema ule moyo ni wa kinyonga, mwingine anasema ni wa simba. Lakini hakuna aliyeuliza bunduki ya kwanza ilitoka wapi, na hakuna aliyeuliza nani alilipa kila mara upande ulipobadilika. Makala hii ni ya kukosoa, lakini simkosoi Gédéon kwanza, maana mahakama ilishafanya kazi hiyo. Ninakosoa hadithi yenyewe, kwa sababu sisi wenye lisansi njo tunaiendeleza kuliko wengine.

Tuanze na mambo yanayojulikana, maana wadogo zetu wengi hawakuyaishi.

Vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda waliteremka kutoka Kivu, wakachukua Kalemie, Kabalo, Manono, na mnamo Desemba 2000 wakachukua Pweto. Rais Laurent-Désiré Kabila, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Baluba wa kaskazini ya Katanga, aliwaita wananchi wajilinde wenyewe. Vijana wa vijijini waligawiwa bunduki, wengine walibaki na mishale na dawa zao, na jina likawa Mayi-Mayi. Jeshi la serikali halikuweza kulinda kila njia ya porini, kwa hiyo liliwaegemea hao vijana. Gédéon alikuwa mmoja wa wakubwa waliotokea katika hali hiyo.

Kabla hata vita havijaisha, hao hao walianza kupigana na basoda wa serikali. Novemba 2002 kule Ankoro jeshi na Mayi-Mayi walipigana ndani ya mji, raia wakafa na maelfu ya nyumba zikaungua. Mwaka 2003 serikali ya mpito ikaingia Kinshasa, wakubwa wa vita wakapewa vyeo vya makamu wa rais na uwaziri, lakini bunduki za vijijini kwetu hazikurudi. Gédéon alibaki porini kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo mashirika yaliliita pembetatu ya kifo. Mwishoni mwa 2005 jeshi lilianza operesheni dhidi yake. Zaidi ya watu laki moja walikimbia: wengine Dubie, wengine Mitwaba mjini, wengine walishuka mpaka ziwa Upemba na kulala juu ya visiwa vya majani vinavyoelea.

Tarehe 12 Mei 2006 alijisalimisha Mitwaba mikononi mwa MONUC, na wengi wa wapiganaji aliokuja nao walikuwa watoto. Tarehe 5 Machi 2009 mahakama ya kijeshi ya Haut-Katanga, iliyokaa Kipushi, ilimhukumu kifo kwa makosa ya vita, makosa dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi. Hukumu za kifo zilikuwa hazitekelezwi tangu 2003, kwa hiyo alibaki gerezani Kasapa. Septemba 2011 watu wenye bunduki walishambulia gereza hilo mchana, karibu wafungwa elfu moja wakatoka, na yeye ndani yao. Alipoonekana tena alikuwa anaongoza Bakata Katanga, yaani wanaotaka kuikata Katanga iwe nchi yake. Tarehe 23 Machi 2013 watu wao waliingia Lubumbashi kwa miguu mpaka kambi ya MONUSCO, na makumi ya watu wakafa siku ile. Oktoba 2016 alitoka porini tena, safari hii wakubwa wa serikali wakampokea kwa shangwe, akapewa nyumba Lubumbashi. Mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimweka kwenye orodha ya vikwazo huku akiwa anaishi mjini. Tarehe 28 Machi 2020, siku ambayo watu wake walitembea na silaha katika Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa, alikimbia tena.

Hayo njo mambo. Sasa tuangalie namna tunavyoyasimulia. Mimi nasikia hadithi tatu.

Ya kwanza ni ya shujaa. Hii inasimama kwenye miaka ya 1998 mpaka 2003 tu, halafu inafunga macho. Si uongo mtupu. Kuna vijiji ambavyo kweli vilibaki upande wa serikali kwa sababu vijana walikaa njiani na mishale. Shida ya hadithi hii ni kwamba inamfanya mmoja kuwa mwenye kazi ya wengi. Waliokufa kwenye zile njia hawana jina. Wanaotajwa ni wakubwa waliobaki hai, tena waliobaki na bunduki. Halafu inafundisha wadogo zetu kwamba ukishalinda kijiji mara moja, kijiji kina deni kwako milele: deni la mbuzi, deni la unga, deni la wasichana. Mama yangu mkubwa aliwahi kuniambia neno moja ambalo silisahau: "Walikujaka kutulinda, tukawapikia. Kisha tukawapikia kwa woga. Chakula kilikuwa kile kile."

Ya pili ni hadithi ya mnyama. Hii tunaipata kwenye ripoti na kwenye hukumu. Ni ya lazima, na mtu yeyote anayetaka kuifuta namuomba aende Mitwaba akaifutie mbele ya wajane. Lakini kama hadithi pekee, inapungukiwa. Inamwanzisha Gédéon mwaka 2003 au 2005, kama vile alitoka ardhini. Inasahau mkono uliogawa bunduki. Na cha ajabu ni kwamba mahakama yenyewe haikusahau: katika hukumu ile ile ya 2009, serikali ya Kongo iliwekwa pamoja na wahukumiwa katika wajibu wa kuwalipa fidia waliodhurika. Msomeni vizuri hapo, ndugu zangu. Mahakama ya kijeshi, ya serikali hiyo hiyo, ilisema kwamba deni hili si la mtu mmoja. Ni wangapi kati yetu wanajua jambo hilo? Tunajua kwamba alihukumiwa kifo, maana kifo kinapendeza masikioni. Fidia hatukuisikia, na wale waliopaswa kuipata ni watu wa vijiji vyetu. Niambieni nyinyi wenye jamaa kule, ni mlango gani ulioona pesa hiyo?

Ya tatu ni hadithi ya mtoto mpotevu. Hii ilitengenezwa Oktoba 2016. Neno lililotumika lilikuwa "kurudi": amerudi, amerudi nyumbani, tumpokee. Ndugu, angalieni hilo neno. Mkulima wa Mitwaba aliyelala juu ya kisiwa cha majani ziwani naye alirudi, na hakuna gavana aliyempokea. Alikuta nyumba bila paa na shamba lililochimbwa. Kama neno "kurudi" lina maana, lilikuwa lake kwanza. Lakini lilitolewa kwa yule aliyemfanya akimbie. Mimi naona huo ndio ukosefu mkubwa wa hadithi ya tatu: si huruma yake, maana sisi wote tunaishi kwa huruma, ila ilimsamehe mtu bila kumuuliza aliyeumia.

Tena linganisheni. Mwaka 2006 alijisalimisha, akapata kesi na gereza. Mwaka 2016 alijisalimisha akiwa tayari na hukumu ya kifo na baada ya damu ya Lubumbashi, akapata nyumba na ulinzi. Kijana wa miaka 16 anayeangalia hilo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kosa la mara ya kwanza lilikuwa kuwa na nguvu kidogo. Hilo ni somo baya sana, na halikuandikwa na Gédéon peke yake.

Hapa mtu ataniambia: "Basi unamtetea. Unasema serikali njo ilimharibu." Hapana. Ningekuwa nasema hivyo, ningekuwa naongeza hadithi ya nne, ya mtu asiye na hiari, nayo ni uongo. Hiari ilikuwepo. Mwaka 2004 hapa hapa mkoani, Kamina, askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa kanisa la Wamethodisti aliwakusanya wakubwa wa Mayi-Mayi, machifu, watu wa serikali na raia wazungumze. Walikuja watu ambao mikono yao haikuwa safi, akiwemo yule aliyejiita Chinja-Chinja, jina ambalo halihitaji maelezo kwa anayejua Kiswahili. Mkutano ule haukutibu kila kidonda. Lakini unathibitisha kwamba mlango mmoja ulifunguliwa, na wengine waliingia. Yeye alibaki porini. Kwa hiyo tunaweza kusema mambo mawili kwa pamoja: serikali ilimpa bunduki, na yeye aliamua kubaki nayo. Hadithi zetu zinataka tuchague moja. Mimi nakataa kuchagua.

Sasa turudie neno "kigeugeu". Je, kila anayebadilisha upande vitani ni kigeugeu? Niwape mfano wa mbali kwanza, usiogusa kabila la mtu hapa. Kule Albania, nchi ndogo ya Ulaya, kulikuwa na mkuu wa vita aliyeitwa Abaz Kupi. Aprili 1939 Italia ilipoingia, alikuwa kati ya wachache waliopigana nayo bandarini Durrës. Mwaka 1942 akaungana na wakomunisti katika harakati moja ya ukombozi. Mwaka 1943 akaachana nao, akaanzisha chama chake cha wafuasi wa mfalme. Waingereza walimpelekea maofisa wakimbembeleza apigane na Wajerumani, yeye akawa anachelewesha, na wengine wakasema alikuwa anaelewana na Wajerumani kwa siri. Mwaka 1944 wakomunisti wakashinda, akakimbilia Italia. Ukihesabu marafiki zake utasema kigeugeu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikubadilika kwake: mfalme Zog. Kila mara aliuliza ni nani atakayemrudisha mfalme, kisha akaenda huko. Unaweza kusema alikosea, lakini njia yake unaiona.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Wanahistoria Erik Kennes na Miles Larmer walitoa mwaka 2016 kitabu kizima juu ya majandarme wa Katanga. Hao walipigana kwa ajili ya Tshombe dhidi ya Umoja wa Mataifa, kisha wakaenda Angola, wakawa upande wa Wareno, kisha upande wa MPLA, wakaivamia Shaba mwaka 1977 na 1978, na mwaka 1997 wamo katika safari ya kumwangusha Mobutu. Watu wengi waliwaona kama mamluki tu. Kitabu kile kinasema hapana: walikuwa na lengo moja, kurudi Katanga yao, na kila rafiki alikuwa njia ya kufika huko. Ni kitabu kizuri, kimewapa watu wale akili yao badala ya kuwaita vibaraka. Naheshimu kazi hiyo.

Lakini mimi nikiwa mtu wa Malemba-Nkulu nasoma na kidole kwenye ramani, na nina swali moja: nyumbani kwa nani? Mwaka 1960 na 1961 Katanga ya Tshombe ilipojitenga, kaskazini yetu ilikataa. Chama cha Balubakat cha Jason Sendwe kilikuwa upande wa Kongo moja, na Januari 1961 kilitangaza jimbo lake la Lualaba kule Manono. Majandarme walitumwa kuvunja upinzani huo. Vijiji vya Baluba viliungua, watu wakaingia porini, na maelfu ya Baluba wa Elisabethville wakajaa katika kambi ya Umoja wa Mataifa. Vijana wa Balubakat nao waliua, hatuwezi kuficha: Niemba, Novemba 1960, askari wa Ireland waliouawa pale hawakuwa majandarme. Kwa hiyo "nyumbani" ya majandarme ni neno lenye watu wawili ndani: anayerudi, na aliyechomewa nyumba na anayerudi. Kitabu kikimfuata msafiri, aliyebaki kijijini anakuwa mdogo. Sisi njo wale waliobaki.

Na hapo njo nafika kwenye jambo gumu kuliko yote katika maisha ya Gédéon. Muluba wa kaskazini, mtoto wa nchi iliyochomwa kwa sababu ilikataa bendera ya Tshombe, anatoka gerezani na kuongoza kikundi kinachotaka Katanga huru, na watu wake wanaingia Lubumbashi na bendera ile ile. Babu zetu walioficha watoto kwenye matete ya Kisale wangeelewa nini? Wengi wanaishia hapo kusema: mnaona, kigeugeu. Lakini mimi nasema tuulize hali. Katiba ya 2006 iliahidi mikoa 26 na 40% ya mapato yabaki mikoani. Kwa watu wa kaskazini, kuigawa Katanga kulimaanisha kutengwa na shaba ya kusini na kubaki na mito, samaki na barabara zilizokufa. Kuikata Katanga yote kutoka Kongo, au kuiacha yote ndani ya Kongo, kulikuwa kwao na faida moja: kusini na kaskazini zisiachane. Julai 2015 mgawanyo ukafanyika kweli, tukawa Haut-Lomami, na kila mmoja wetu aliyetafuta kazi Kamina anajua sanduku la mkoa limebeba nini. Kwa hiyo hata ile bendera ya ajabu ilikuwa na hasira ya kweli nyuma yake. Kosa ni kwamba hasira ya kweli ilikabidhiwa kwa mtu ambaye tayari alikuwa ameshakula watu wake.

Sasa tumpime kwa kipimo kile kile. Kupi alikuwa na mfalme wake. Majandarme walikuwa na nyumbani kwao. Gédéon, ukiondoa maneno ya kila kipindi, ni kitu gani hakikubadilika? Alikuwa mlinzi wa Kongo moja, kisha adui wa jeshi la Kongo, kisha mtu wa kuikata Katanga, kisha mgeni wa serikali ya Kongo. Maneno yote yalibadilika. Kilichobaki pale pale ni kimoja: kila kipindi, mpiganaji alikula shamba la mkulima. Na basoda waliomfukuza walikula shamba lile lile. Upande ulibadilika, shamba halikubadilika.

Hapa niruhusuni niseme kidogo kama mtu wa kilimo, maana hii sehemu ripoti haziigusi sana.

Muhogo wetu unataka miezi tisa mpaka kumi na minane ardhini. Ni benki ya maskini: unauacha ardhini, unachimba kidogo kidogo unapotaka bukari. Wakati wa amani hiyo ni akili. Wakati wa vita ni mtego, maana huwezi kuukimbiza kichwani. Ukikimbia, anayebaki na bunduki anachimba. Anayechimba kwa njaa hachagui miti ya kupanda tena, anaitupa juani. Ukirudi baada ya mwaka, huna mbegu. Unaomba miti kwa jirani, jirani naye ameomba kwa mwingine, na ile miti inakuja na ugonjwa wa majani kukunjamana na kuwa na madoa ya njano. Unapanda, unapata mizizi kama vidole. Watu wanasema ardhi imechoka au mtu amewaroga. Ardhi haijachoka. Ni mbegu za miaka ya kukimbia ambazo bado ziko shambani.

Mahindi nayo: familia iliyolala porini ilikula mbegu. Mbegu za bibi, zilizozoea udongo wa pale, ziliisha katika sufuria moja. Na samaki wa Upemba na Kisale, ambao waliwapokea wakimbizi wote, walivuliwa na vyandarua vya mbu mpaka wadogo kabisa, kwa sababu mtu mwenye njaa hangoji samaki akue. Nikitembea leo na daftari langu vijijini, naona vita katika urefu wa mizizi. Wakubwa wa vita walibadilisha upande kwa usiku mmoja. Shamba linahitaji misimu mingi kubadilisha upande, na halipewi nyumba Lubumbashi.

Kwa hiyo napendekeza tubadilishe namna ya kusimulia, na ni kazi tunayoiweza bila mradi wala mfadhili. Kila mara jina la mkubwa wa vita linapotajwa, yeyote yule, tuulize maswali matatu. Nani alimpa bunduki ya kwanza, na kwa kazi gani? Alipobadilisha upande, ni kitu gani hakikubadilika? Na kila mara alipogeuka, ni nani alilipa, katika kijiji gani, msimu gani? Swali la kwanza linaikamata serikali. La pili linamkamata yeye. La tatu linawarudisha watu wetu katika hadithi yao wenyewe. Wazee waliobaki na majibu ya swali la tatu wanakwisha. Kila matanga tunamzika mmoja. Usiku ule wa mabishano, tuliokuwa tunamlilia alikuwa mama aliyekimbia mara tatu katika maisha yake, na sisi tulikesha tukimzungumza Gédéon. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yule mama, akiwa hai, alikimbia na nini mkononi.

Mwisho, nitawaudhi kidogo. Sisi wasomi tunapenda neno "kigeugeu" kwa mtu wa porini. Lakini mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, wabunge wengi waliochaguliwa chini ya bendera ya Joseph Kabila walihamia kwa Félix Tshisekedi ndani ya wiki chache. Hatukuwaita Mayi-Mayi. Tulitafuta namba zao za simu. Desemba 2023 wengi wetu tulivaa fulana za rangi mbili katika wiki moja, ya asubuhi na ya jioni, kwa falanga ya mafuta ya pikipiki. Silinganishi fulana na bunduki, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba mazoea ni yale yale: upande ni kitu cha kukodisha, na anayelipa ni yule asiyekuwepo mezani. Wadogo zetu wanatuangalia. Baadhi yao bado wanaambiwa leo, usiku, kwamba porini kuna heshima. Kama hadithi tunayowapa ni ya simba au ya kinyonga, watachagua simba. Tuwape hadithi ya shamba, yenye majina na miaka, waone ni nani aliyelipa.

Yaya mwalimu, na ndugu fundi, nyote mko hapa na mtasoma. Nimewachongea mbele ya watu, mnisamehe. Nawangoja kwenye matanga yajayo, ingawa naomba yachelewe. Mjadala uko wazi.